Keki bila ngano? Pwani wamezila miaka na miaka

Hebu hesabu, mpenzi msomaji, ni mara ngapi unga wa ngano unapita mezani kwako kwa siku moja. Asubuhi ni mkate na chai. Saa nne ofisini ni andazi au sambusa. Jioni watoto wakirejea kutoka shuleni wanaulizia biskuti. Jumapili ni chapati, na siku ya kuzaliwa kwa mtoto ikifika, hata mzazi asiye na hela atakopa kwa jirani ili keki ipatikane. Ngano, ambayo Lord Delamere na walowezi wenzake walihangaika kuiotesha kule Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, imezoeleka majumbani mwetu kama ugali, na sehemu kubwa ya ile tunayokula leo huletwa kwa meli kutoka nchi za nje.

Sasa jiweke katika nafasi ya mzazi ambaye daktari amemwita ndani, akamketisha, kisha akamwambia kwamba mwanawe hatakiwi kuonja hata kipande kimoja cha vitu hivyo maisha yake yote. Si kwa mwezi, si kwa mwaka. Maisha yote. Jambo la kwanza linalomjia mzazi huyo si dawa wala gharama ya hospitali. Ni mtoto wake akiwa ameketi pembeni katika sherehe ya mwenzake, ameshika ndizi mkononi, huku wengine wakikatiwa keki.

Ugonjwa wenyewe huitwa seliaki. Usiuchanganye na mzio wa ngano, ambao nao upo na huweza kumfanya mtu kuvimba au kukosa pumzi mara tu baada ya kula. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya baridi iitwayo rai, mna protini ambazo kwa pamoja hujulikana kama gluteni. Ndizo zinazofanya donge la chapati livutike bila kukatika, na ndizo zinazoshikilia hewa ya hamira mkate ukafura. Kwa mwenye seliaki, gluteni ikifika katika utumbo mwembamba, kinga ya mwili hughadhibika na kuanza kuushambulia utumbo wenyewe. Vile vijinyuzi vidogo vinavyofyonza lishe husinyaa na kulala chini. Mtoto anakula lakini hanawiri. Tumbo linajaa gesi, anaendesha, damu inapungua, na wenzake wanampita kwa kimo. Mtu mzima huenda asiwe na dalili yoyote ila uchovu na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. La hasha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisahrawi, Waafrika wenzetu kutoka Sahara Magharibi, uligundua kwamba karibu 6 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huo. Kwa jumla, ulimwenguni hukadiriwa kwamba unampata mtu 1 hivi kati ya kila 100. Hapa kwetu, ambapo kila tumbo linalouma hupewa dawa ya amiba au ya homa ya matumbo, ni rahisi mtu kuzunguka kutoka zahanati moja hadi nyingine kabla ya yeyote kutaja ngano.

Aliyetegua kitendawili hiki alikuwa daktari wa watoto nchini Uholanzi, Willem Karel Dicke. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni, Waholanzi walikumbwa na njaa kali. Mkate ukaadimika na watu wakala hadi mizizi ya maua. Lakini watoto wa seliaki waliokuwa chini ya uangalizi wake hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke, ambaye alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930, aliandika matokeo ya uchunguzi wake katika tasnifu ya mwaka 1950. Kabla yake, mwaka 1924, daktari wa New York aitwaye Sidney Haas alikuwa akiwatibu watoto hao kwa ndizi mbivu, akidhani kwamba ndizi ndiyo dawa. Kumbe dawa ilikuwa kile walichoacha kula!

Mpaka leo hakuna kidonge cha kuuponya. Tiba ni kuiacha gluteni kabisa, na utumbo hujirekebisha wenyewe polepole. Ila nikuonye jambo moja kabla hujakimbilia jikoni kutupa unga. Ukishuku kwamba wewe au mwanao ana tatizo hili, usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita kati ya mwili na gluteni, na ukishaiacha kwa wiki kadhaa alama hizo hufifia, kipimo kikasema huna kitu. Nenda hospitali ukiwa bado unakula mkate wako, kisha daktari akuelekeze.

BEI YA KIBANDIKO

Mtu akishaambiwa ana seliaki, aghalabu safari yake ya kwanza huwa supamaketi. Siku hizi maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa huwa na rafu ya vyakula visivyo na gluteni: biskuti, mikate iliyofungwa kwa plastiki na unga wa keki, vingi vikiwa vimetoka Ulaya. Kibandiko hicho si cha mapambo. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za vyakula, za Codex, chakula kinachoitwa kisicho na gluteni hakifai kuwa na zaidi ya miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Kwa hivyo, kwa mgonjwa, kibandiko ni ngao.

Lakini tazama bei. Pakiti ndogo ya unga huo huuzwa mara kadhaa ya bei ya pakiti ya kilo mbili ya ngano, na familia yenye watoto watatu haiwezi kuinunua kila wiki. Ladha nayo? Nimezionja biskuti hizo za aina tofauti tofauti na, niseme ukweli, chache ni tamu na nyingi ni kama kutafuna chaki iliyotiwa sukari. Mikate yake hukauka siku hiyo hiyo unapofungua mfuko.

Kinachosikitisha ni kwamba mama atatoka dukani humo ameshika pakiti hiyo ya bei ya juu, apite kando ya mwanamke wa Kiswahili anayepika vitumbua kando ya njia pale Majengo, Pumwani, asimtazame hata kidogo. Kitumbua ni mchele na nazi. Asili yake hakina ngano hata chembe.

MCHELE ULIOFURA

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikila vitamutamu vya mchele, nazi, ndizi na muhogo zamani, kabla ya unga mweupe wa ngano kuwa rahisi kupatikana. Kutoka Lamu hadi Vanga, mchele uliorowekwa ukasagwa na tui la nazi ndio msingi wa angalau vyakula vitatu: kitumbua cha mviringo kinachopikwa katika chuma chenye vishimo, kibibi kinachomiminwa kama chapati ya maji juu ya kaango, na mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina au mkate wa mchele. Huo wa mwisho ndio ninaotaka tuuzungumzie kwa kirefu, kwa sababu mbele ya mtoto mkate wa sinia ni keki. Una umbo la keki, hukatwa kama keki, una harufu ya iliki iliyojaa nyumba nzima, na hakuna atakayeuliza kama ni chakula cha mgonjwa.

Chukua vikombe viwili vya mchele wa kawaida, ule ambao haukuchemshwa kabla ya kukobolewa. Uchague vizuri, uoshe, kisha uuroweke kwa maji usiku kucha. Asubuhi umwage maji yote. Kuna pilikapilika za kukuna nazi na kukamua tui, na asiye na mbuzi anaweza kutumia tui la pakiti, ila lile la kukamua kwa mkono lina utamu wake. Unahitaji kikombe kimoja na nusu cha tui zito. Tia mchele na tui ndani ya blenda pamoja na kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu, usage mpaka ukichovya kidole na kukifikicha usisikie chenga. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka yao. Chenga zikibaki, mkate hutoka na mchanga mchanga mdomoni. Ongeza robo tatu ya kikombe cha sukari na nusu kijiko cha chai cha iliki iliyotwangwa, usage tena kidogo. Piga ute wa yai moja mpaka utoe povu, uuchanganye humo taratibu kwa mwiko.

Funika bakuli na uliweke mahali penye joto kwa muda wa saa moja hivi. Uji huo utafura na kutoa mapovu juu. Ukishafura usiukoroge tena, maana utaifukuza hewa yote na hakuna gluteni ya kuishika irudi. Pasha sufuria pana iliyopakwa mafuta, umimine uji, na usikie ukichachatika kidogo pembeni. Punguza moto. Vitundu vikianza kutokea juu na uji kushikana, ndipo mabibi zetu walipokuwa wakifunika kwa sinia la bati na kupalia makaa juu yake, moto juu na moto chini, mpaka uso wa mkate upate rangi ya kahawia. Mwenye oveni atauoka kwa joto la digrii 180 za Selsiasi kwa dakika 35 hadi 40. Mchome kwa njiti katikati. Njiti ikitoka kavu, umeiva. Uache upoe kabisa kabla ya kuukata. Najua watoto watakuzonga, lakini mkate wa mchele ukikatwa ungali moto hunata kwenye kisu na kubomoka.

Kwa sherehe ya kuzaliwa, oka miwili ya ukubwa mmoja, uipandanishe, na katikati upake tui zito lililopikwa na sukari na kijiko cha wanga wa mahindi mpaka likawa kama kastadi. Juu panga vipande vya embe au nazi iliyokaangwa kidogo. Choma mishumaa yako hapo. Wageni watakula bila kujua kwamba kuna aliyekatazwa kitu.

Uji uo huo, ukiwa mzito kiasi, ndio wa vitumbua. Tofauti ni chuma na mafuta. Na mwanafunzi anayeishi katika chumba cha kukodi chenye jiko moja la gesi asikate tamaa, kwani vibibi havihitaji oveni wala chuma maalumu. Kaango na kijiko vinatosha.

Mbona basi usichukue tu unga wowote usio wa ngano ukatengeneza keki kama ile uliyozoea? Unaweza, ila ujue unachokikosa. Gluteni ni kama nyavu ndani ya unga. Ikiondoka, hewa inatoroka, keki inaanguka katikati na kukatika kama udongo mkavu. Ni lazima utafute kitu kingine cha kushikilia. Mayai husaidia sana. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi husaidia pia. Na katika maduka ya viungo ya Wahindi kule Ngara na Parklands, au Biashara Street mjini Mombasa, kuna maganda ya isabgol ambayo watu huyanunua kwa ajili ya kulainisha choo. Yakitiwa maji huwa kama utelezi wa bamia, na kijiko kimoja cha mezani kwenye keki hufanya kazi ya nyavu hizo.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: ndizi mbivu tatu zilizopondwa, mayai matatu, nusu kikombe cha sukari, theluthi moja ya kikombe cha mafuta ya kupikia, kikombe kimoja cha unga wa mchele, nusu kikombe cha unga wa muhogo, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo. Changanya, uache mchanganyiko upumzike kwa nusu saa ili unga wa mchele unywe maji, kisha uoke katika bati dogo kwa digrii 180 kwa dakika 40 au 45. Usitumie bati kubwa. Keki isiyo na gluteni katika bati kubwa hubaki mbichi katikati huku pembeni ikiungua.

Biskuti nazo hazina shida kama keki, kwa sababu hakuna anayetaka biskuti ifure. Ute wa mayai mawili uliopigwa, nusu kikombe cha sukari na vikombe viwili vya nazi kavu iliyokunwa, ukiviviringa vidonge na kuvioka kwa digrii 160 mpaka vipate rangi, vitakupa biskuti za nazi ambazo hazitalala kabatini.

NGANO INAYOJIFICHA

Mpaka hapa huenda unajiambia kwamba mambo ni mepesi. Si mepesi hivyo. Ngano ni mgeni asiyebisha hodi, na mwenye seliaki huumizwa na chembe ambazo wewe na mimi hatuzioni.

Anza na kitumbua chenyewe. Nimesema asili yake hakina ngano, lakini wapishi wengi siku hizi hutia kijiko kimoja au viwili vya unga wa ngano ili kisivunjike, na wengine huongeza ili mchele usiishe haraka. Kashata ni vivyo hivyo. Kashata ya haki ni sukari, nazi au njugu, na iliki, basi. Lakini utakuta anayetia unga wa ngano ili ishikane. Kwa hivyo usinunue kwa macho. Uliza, na usiulize kwa kuviziavizia. Mwambie mama anayeuza, "Mama, mtoto wangu akila ngano anaugua, je, humu umetia?" Ukimwambia ukweli kwamba ni suala la ugonjwa, hatakudanganya, na pengine kesho atakupikia sufuria yako pekee.

Halua inahitaji tahadhari ya pekee. Halua ya nyumbani hapa pwani mara nyingi hupikwa kwa wanga wa mahindi au wa muhogo, pamoja na sukari, samli na iliki, ikakorogwa hadi mkono ufe ganzi. Hiyo ni salama. Lakini Oman, ambako ujuzi huu una mizizi mirefu, wanga unaotumika unaweza kuwa wa ngano. Jamaa akikuletea kopo la halua kutoka Muscat, shukuru, kisha usome maandishi yaliyo nyuma yake kabla ya kumpa mtoto.

Vipo pia vyakula vya pwani ambavyo vinafanana na hivi tunavyovisifu lakini ni ngano tupu. Kaimati, visheti, mahamri, tambi za sukari, mkate wa mayai, na bokoboko, ambayo ni ngano nzima iliyopondwa na nyama. Semolina pia ni ngano, hata kama rangi yake humfanya mtu adhani ni mahindi. Mofa kwa asili ni mkate wa mtama, lakini kuna wanaouoka kwa ngano. Na ukienda Eastleigh, usiidhani anjera ya Kisomali kuwa salama kwa sababu tu ina vitundu. Mara nyingi hutiwa unga wa ngano. Hata injera ya Kihabeshi, ambayo asili yake ni teff, nafaka isiyo na gluteni, huweza kuchanganywa na ngano inapopikwa mbali na kwao.

Kwenye duka la vitamutamu la Kihindi, barfi ya maziwa na ladu ya unga wa dengu ni marafiki zako, ilhali jalebi na gulab jamun hazifai kwani hutiwa ngano. Bajia za dengu zingekuwa salama kabisa, ila mafuta yake ndiyo yaliyokaangia sambusa dakika tano zilizopita. Kuna kingine ambacho wengi hawakijui: mvuje, ile dawa ya gesi inayoitwa hing katika maduka hayo, ikiwa ya unga huwa mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano. Bekingi pauda pia, soma pakiti. Vinywaji vya watoto vilivyotengenezwa kwa kimea cha shayiri, viepuke.

Sasa tuje kwenye kinu. Mama wa Kenya akitaka unga wa mchele, wa muhogo au wa wimbi, huchukua nafaka zake hadi kwa mashine ya kusaga mtaani. Aliyekuwa mbele yake pengine alikuwa akisaga ngano, na vumbi lote lililobaki ndani ya mashine litaingia katika unga wake. Unga wa uji uliochanganywa tayari, wenye nafaka saba au nane, huo usiuguse mpaka ujue nafaka zote ni zipi na zilisagwa wapi. Hii ndiyo sababu nyingine inayonifanya nipende mkate wa sinia kuliko keki za unga: mchele unaununua ukiwa mzima, unauchagua na kuuosha mwenyewe, unausaga ndani ya blenda yako. Haupiti kwa mtu.

Na jikoni kwako je? Chekecheo ulilochekechea ngano miaka mitano halitatakata hata ulioshe vipi, nunua jingine. Mwiko wa mti na kibao cha chapati navyo vina nyufa zinazoweka unga, basi mgonjwa awe na vyake. Siku ya chapati, pika chakula cha mgonjwa kwanza, ukifunike, ndipo unyunyize unga. Mafuta yaliyokaanga mandazi yasikaange vitumbua vyake. Ikiwezekana, nyumba nzima iache ngano isipokuwa mkate wa asubuhi, kwani kupika mapishi mawili kila siku humchosha mpishi, na mpishi akichoka ndipo makosa hutokea.

SI KILA MTU

Ningependa pia kusema na wale ambao hawaumwi. Siku hizi kuna mtindo, hasa kwa vijana wa mjini, wa kuacha gluteni ili kupunguza unene. Kama ngano haikudhuru, sioni faida ya kujinyima. Kashata ni sukari hata kama haina gluteni, na kitumbua kimelowa mafuta. Mwenye kisukari asisome makala haya akadhani amepata ruhusa. Kwake, na kwa mtoto wa seliaki pia katika siku za kawaida, ni afadhali viazi vitamu vya kuchemsha, nduma, au ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui bila kuongezwa sukari. Muhogo wa nazi pia ni mtamu. Ila umenye, uondoe mti wa katikati, na uuive barabara, maana muhogo mbichi, hasa ule mchungu, una sumu.

Kuna firni vilevile, ambayo naona haipewi heshima yake nje ya pwani. Vijiko vinne vya mezani vya unga wa mchele katika lita moja ya maziwa, sukari kwa kiasi upendacho, iliki, na nyuzi chache za zafarani ukijaliwa kuwa nazo. Unakoroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito, unamimina kwenye vikombe, unaacha ipoe. Haihitaji oveni, na mgeni wa ghafla akija, unayo ya kumpakulia.

SIKU YA SHEREHE

Kwa mzazi, mtihani mkubwa si nyumbani kwake bali ni kwa watu. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelezwa na akaelewa kuhusu ugonjwa wake, lakini kuelewa hakumwondolei uchungu wa kukaa pembeni. Usimfungie chakula chake peke yake ndani ya kibweta. Mpigie simu mwenye sherehe siku mbili mapema, umweleze, kisha uje na sinia zima la mkate wa mchele au vitumbua hamsini kwa ajili ya watoto wote. Mtoto wako atakula kile ambacho wenzake wanang'ang'ania. Sinia lako likatwe kwanza, kwa kisu ulichokuja nacho, na liwekwe mbali na keki ya ngano ili makombo yasirushwe. Usione haya kusimama hapo. Kuna shangazi atakayesema, "Aa, kidogo tu hakitamdhuru." Huyo mjibu kwa heshima, lakini usiondoke mezani.

Shuleni, mwalimu wa darasa na mpishi waandikiwe barua fupi yenye majina ya vyakula vyenyewe: mkate, chapati, mandazi, biskuti, keki, tambi, spageti. Neno gluteni peke yake halitamsaidia mpishi mwenye watoto mia tatu wa kulisha. Kwa mwanafunzi wa chuo, ambaye hana mama wa kumwandikia barua, kashata za njugu ni mkombozi. Kaanga vikombe viwili vya njugu, uondoe maganda, yeyusha kikombe kimoja na nusu cha sukari mpaka iwe rangi ya asali, changanya haraka, umwage juu ya sinia lililopakwa mafuta na ukate kabla haijaganda. Zikifungwa vizuri hukaa wiki mbili na zaidi, na zinaingia mfukoni.

Mkate wa sinia haukai hivyo. Kwa joto la Mombasa, tui huchacha kufikia kesho yake, na ukiuweka ndani ya friji mchele hukakamaa kama kibao. Ukibaki, uukate vipande, uufunge, uuweke kwenye friza siku hiyo hiyo. Asubuhi weka vipande hivyo juu ya chungio, chini yake maji yanayotokota, ufunike kwa dakika tano. Vitalainika kama vilivyokuwa, na chai ikiwa tayari, mtoto ataenda shuleni ameshiba.